Gari Lililotaka Miguu Mitatu

Nakumbuka mchana mmoja wa Agosti, mwanangu, wewe ungali tumboni mwangu, nilipopanda gari mtaa wa Satwa, mji huu huu wa Waarabu tunaoishi, nikicheka na kushuka mtaa wa Naif nikitetemeka. Nakusimulia leo kwa sababu juzi uliniwekea simu sikioni ukasema, "Mama, sikiliza injini hii inavyolia," na tangu saa ile sina raha. Mlio ule niliujua. Nimepata kuukalia.

Najua umelipenda hilo gari lako la Kimarekani. Nimeteremka kulitazama chini ya jengo letu hapa Al Qusais: milango miwili, boneti refu kama jamvi, na ukilifunua boneti, ndani hamna kitu, kibogoyo mtupu. Ni zuri, sikatai. Wenzako wenye magari ya namna hiyo huyafunika turubai wakayatoa Ijumaa jioni, wakapigiwa picha, wakayarudisha. Wewe unasema hili litakuwa gari lako la kila siku, la kazini na la sokoni, la kumchukua mkeo Saumu na kumpeleka mtoto kwa daktari. Limebaki jambo moja, kuchagua injini na gia, nawe unasema wiki hii utakata shauri. Basi kabla hujakata, nipe sikio. Naogopa, mwanangu, na uoga wangu siufichi, maana nilishawahi kuuficha nikaona faida yake.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa injini. Gereji yake ilikuwa kichochoro kimoja tu Satwa, kati ya fundi cherehani na duka la matairi, na wenye magari ya zamani walikuwa wakimfuata huko huko. Alikuwa na ada yake ambayo mafundi wenzake waliicheka. Gari akishalifunga injini halimtoki mkononi mpaka kwanza ampakie mama yake mzazi. Ndiyo, bibi yako, Bi Zuhura, na buibui lake na mkoba wake wa ubuyu. Atamtembeza kwenye foleni, saa za joto, kipoza hewa kikiwa kimewashwa, kisha atamuuliza, "Mama, unasemaje?" Bi Zuhura akisema "Mpe mwenyewe," mteja anapigiwa simu. Akisema "Bado," boneti linafunuliwa upya. Alikuwa hajui klachi wala kabureta, yule mama. Alikuwa akidhani radieta ni jina la mtu. Lakini baba yako hakuwahi kubishana naye hata mara moja.

Basi akaja kijana mmoja, Seif, mzaliwa wa hapa hapa, ila bibi yake ni wa Pemba, na Kiswahili anakisema vizuri. Gari lake lilikuwa ndugu wa hili lako. Akataka injini ya silinda nane iliyochongwa kwa mashindano, yenye kabureta kubwa ya kuimiminia mafuta, ile ambayo gari likisimama linatikisika lote na kunguruma kwa kukatikakatika. Akataka na gia ya mkono, klachi nzito ya kwenda nayo. Baba yako akamwambia polepole, "Seif, hii ni injini ya kukimbia moja kwa moja. Wewe unakwenda nalo kazini." Seif akacheka. "Ami, gari bila kelele si gari. Wewe nifungie tu, mengine niachie mimi." Na baba yako, ambaye naye alikuwa kijana na mlio ule ulimwingia damuni, akafunga. Wahenga walishasema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, lakini nani husikia methali ngoma inapolia?

Siku ya kulijaribu, magoti ya Bi Zuhura yalikuwa yamevimba. Alikuwa Naif, nyumbani kwa dada yake, hawezi kuja. Akapiga simu: "Mpakie mkeo akae pangu, mje naye huku. Nitamuuliza yeye."

Mwanangu, nilifurahi! Nilikuwa mke mgeni, sijatimiza hata mwaka tangu nitoke Unguja, na mkwe wangu ananikalisha mahali pake. Nikajitia manukato, nikapanda. Mimba ilikuwa kubwa, mkanda haukunikaa sawa. Tulipotoka tu kichochoroni watu wakageuka kututazama, na mimi nikaringa. Dakika chache nikaringa, halafu joto likaanza kupanda kutoka sakafuni. Kipoza hewa kilipuliza hewa ya moto kama chai. Mshale wa joto ukapanda, baba yako akakizima kipoza ili kuiokoa injini, tukafungua vioo, na huo mvuke wa Agosti ukatuingilia. Nikawa najipepea kwa upindo wa mtandio. Mguu wake wa kushoto nauona unatetemeka kwa ile klachi: ikanyage, iachie, ikanyage, iachie, foleni yote mpaka Deira, upande uliko Naif.

Sasa kuna jambo alilokuja kunieleza baadaye, nawe nakueleza mapema ili lisikupite. Breki za magari yale hazifanyi kazi kwa nguvu za mguu peke yake. Injini yenyewe inavuta hewa, na mvuto ule ndio unaoisaidia breki. Injini ya mashindano, likiwa gari limesimama au linatambaa kwenye foleni, mvuto wake ni mdogo mno. Unakanyaga mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili, sawa kidogo. Ukiendelea kukanyagakanyaga, pedeli inakuwa jiwe.

Naif unaijua ilivyo. Watu bega kwa bega, maduka yanamwaga mizigo barabarani, wachukuzi wanavuta mikokoteni ya marobota yanayokwenda Dar na Mombasa. Tulikuwa tunatambaa nyuma ya lori dogo. Lori likaingia pembeni, pakafunguka, na mbele yetu akakata mchukuzi mmoja, anavuta mkokoteni, ametupa mgongo, hatuoni. Baba yako akakanyaga breki. Akakanyaga tena, akainuka kwenye kiti kwa kukanyaga, na gari bado linakwenda! Polepole tu, mwanangu, lakini linakwenda. Akautoa mguu wa kushoto kwenye klachi ukamsaidie wa kulia, na alipouachia ule mguu, injini ikashika gia, gari likaruka mbele, likapiga mkokoteni, likazimika. Marobota yakaporomoka juu ya boneti. Mchukuzi alikuwa ameruka kando. Alibaki amesimama na mpini mkononi, anatutazama, na sisi tunamtazama. Gari lile lilitaka dereva mwenye miguu mitatu, na Mungu kampa kila mja miwili.

Mimi nilikuwa nimekushika wewe. Mikono yote miwili juu ya tumbo, na tumbo limekaza likawa gumu kama nazi. Nikasema kimya kimya, ya Rabi, mchukue yeyote ila si huyu. Nakwambia nilivyosema, si ninavyotamani ningesema. Uoga haukufundishi adabu.

Baba yako akashuka, akamwomba radhi yule mchukuzi, wakapanga mizigo pamoja. Aliporudi ndani uso wake ulikuwa wa majivu. Akaliwasha. Akaniambia bila kunitazama, "Breki zake ni za kuzoea tu." Nami nikajibu, "Naona." Ningejibu vipi? Mke mgeni amwambie mumewe kazi yake imeharibika? Nyumbani kwetu nililelewa kuwa mume hasitiriwi na kanzu yake, husitiriwa na mkewe.

Tukafika kwa Bi Zuhura. Tukakaa, kahawa ikaletwa. Akauliza kama alivyozoea, lakini akanigeukia mimi: "Haya, mwali wangu, gari unasemaje?" Nikasema, "Vizuri, mama." Akaniuliza tena. Nikasema, "Vizuri sana." Kikombe mkononi mwangu kilikuwa kinagonga kisahani chake, ti-ti-ti-ti, na siwezi kukizuia.

Bi Zuhura akanyoosha mkono akakichukua kikombe, akakiweka chini. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Mficha uchi hazai," akasema, "na wewe una mimba. Unadhani mwanangu hunipakia mimi kwa kuwa najua injini? Mimi nimewekwa pale niogope. Tena niogope kwa sauti, kwa sababu mwenye usukani hawezi kuogopa kwa sauti, ataona haya. Nimekupa kiti changu, mwali, na wewe umekalia ulimi wako."

Nikaangua kilio. Nikasema yote: joto, pedeli, mkokoteni, marobota, dua yangu. Nilikuwa nasema huku namwogopa baba yako kuliko nilivyoliogopa gari. Lakini nilipomtazama, alikuwa ameshika kichwa.

"Na mimi niliogopa," akasema.

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

Akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe."

Mwanangu, neno lile halijanitoka mpaka leo. Watu wawili ndani ya gari moja, mmoja anamngoja mwenzake aogope kwanza, na katikati yao mtoto. Kwa hicho tulichokiita heshima, tulikuwa tayari kesho yake kumkabidhi Seif ufunguo, na Seif naye alikuwa na mama yake wa kumpakia.

Kesho yake Seif akaja, na huyo mama yake kweli yuko naye, wamevaa vizuri, wanataka kwenda nalo harusini Al Ain moja kwa moja. Baba yako akamwambia, "Sikupi." Seif akahamaki. "Ami, yalla, watu wananisubiri! Gari langu, injini yangu!" Baba yako hakubishana. Akamkalisha kwenye usukani gari limesimama pale pale, akaliwasha, akamwambia akanyage breki, aachie, akanyage, aachie. Seif akakanyaga huku anatabasamu. Kisha tabasamu likaanza kumtoka. Akakanyaga kwa nguvu, mshipa ukamsimama shingoni. Mama yake alikuwa mlangoni anamtazama mguu. Akasema neno moja tu: "Shuka."

Harusini walikwenda kwa teksi. Injini ile baba yako aliitoa, akatia nyingine ya silinda nane pia, lakini ya barabarani, tulivu, inayopimiwa mafuta na kompyuta badala ya kabureta, na gia ya kujibadilisha yenyewe, yenye gia ya juu ya kuipumzisha injini kwenye barabara kuu. Akaongeza radieta kubwa na feni mbili. Seif alinuna. Akasema limekuwa gari la wazee. Asante sikuisikia. Ila miaka mingi baadaye alikuwa bado analeta lile lile gari kubadilishwa oili, na mama yake ndani, kafunga kioo, anapigwa na baridi ya kipoza Agosti nzima.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokuwa nikija. Anayelitoa gari Ijumaa kwa Ijumaa ana ruhusa ya kuchagua kwa sikio. Wewe wa kila siku chagua kwa foleni ya saa nane mchana, mbele ya uwanja wa ndege, jua la utosi, mtoto analia nyuma. Tafuta injini isiyochemka hapo, yenye mvuto wa kuhudumia breki hapo, ambayo kipoza hakiitoi roho. Nguvu itabaki tele, silinda nane ni nane. Gia tia ya kujibadilisha, ili siku ya hatari uwe na mguu wa akiba, na akili yako iwe barabarani, isiwe kwenye klachi. Na breki zitangulie kabla ya injini, utengeneze kusimama kwanza ndipo utengeneze kwenda. Usiniambie vijana wenzako watakucheka. Kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Hicho kicheko nakiomba kije mlangoni kwangu kila siku.

Lakini hayo ya injini hata fundi yeyote mwenye haya atakwambia. Langu mimi ni jingine. Juzi uliponisikilizisha ule mlio kwenye simu yako, ukamgeukia mkeo ukamuuliza, "Unaionaje?" Saumu akasema, "Vizuri." Wewe ulisikia jibu. Mimi nilimtazama mikono. Aliikunja mapajani, dole gumba ndani, kama anayeshika kitu kisianguke. Hawezi kukwambia mbele yangu, mimi ni mkwe wake na wewe unang'ara kwa furaha. Kwa hiyo leo nitamchukua mtoto niende naye chini kupunga upepo. Nyinyi bakini. Muulize tena, umtazame, usimpe wewe jibu. Akisema anaogopa, usimweleze injini. Usimwambie ni ya kuzoea tu. Kaa kimya umshukuru, kwa sababu anakufanyia kazi ambayo wewe mwenyewe unaona haya kuifanya.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akujaalie njia nyeupe na umri mrefu wa kuipita, akulindie hao waliokaa pembeni yako na nyuma yako, asikunyime kamwe mtu wa kukwambia simama. Na siku utakayoambiwa simama, gari likutii. Amin.