Mti wa Mtoto Wake

Mimi ni mtu wa mdomo, na mdomo huo ndio ulionilisha miaka ile. Nilikuwa mkalimani wa watu wa hewa ya ukaa.

Siku hiyo watu wa msituni, wa kwa kina mama yangu, waliletwa kwa basi hadi ukumbi wa hoteli moja katikati ya jiji. Mtaalamu alisema kwa Kiingereza, mimi nikageuza: miti huvuta hewa chafu ya viwanda vya ng'ambo na kuihifadhi, na wenye viwanda watalipa ili miti isikatwe. Wazee walicheka sana. Kumbe hata hewa inauzwa! Mimi pia nilicheka.

Karibu saa saba mama mmoja akasimama. Alisema ana mtoto aliyezikwa msituni chini ya mti, na kila mvua zikianza humpelekea asali. Je, wakishatia sahihi, ataruhusiwa kuingia?

Swali lile sikulitafsiri. Chakula kilikuwa kinanukia, mtaalamu alikuwa anatazama saa, na mimi nilijiona najua. Nikamjibu mwenyewe: "Ndiyo, mama, hakuna shida kabisa." Akaja mbele, akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Hadi leo nikiona kidole chenye wino, hata siku ya kura, hutazama kando.

Mvua za mwaka uliofuata zilinikuta saluni, Kenyatta Market, nimesukwa nusu ya kichwa. Simu ikalia. Ni yule mama, yuko Nairobi, nambari yangu aliitunza. Nikamwelekeza hapo saluni, ningefanyaje? Akaingia na chupa ya soda iliyojaa asali, imezibwa kwa gunzi la mahindi.

"Askari wa msitu amenirudisha mara tatu," aliniambia kwa lugha yetu. "Nilimwambia wewe ulisema ndiyo. Akaniuliza, huyo ni nani?"

Je, nilimwambia kwamba swali lake halikuwahi kumfikia mtu? Wapi! Nilisema nitaongea na wakubwa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea mbele ya wale wanawake wote.

"Wewe wanakufungulia," akasema. "Basi mpelekee wewe, mwanangu."

Akanipa chupa, akaniuliza majina ya watoto wangu, kisha akaanza kunieleza mti wenyewe: njia ya kufuata, mahali pa kuvuka mto, upande wa kugeukia. Nilikuwa natikisa kichwa tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Aibu ilikuwa imeniziba masikio. Nilichotaka ni aondoke.

Mwezi uliofuata nilipeleka wageni msituni. Askari alinipigia saluti. Tulipovuka mto ndipo nilipojua kwamba sikushika hata neno moja. Kushoto au kulia? Miti ilikuwa mikubwa yote, na kila mmoja ungeweza kuwa ndio. Wageni walikuwa wanaizungushia utepe, wakiandika unene. Nikajitenga nao kama mwizi, nikamwaga asali kwenye mzizi uliokuwa karibu.

Jioni yule mama akapiga simu. Aliuliza kama mti bado umesimama.

"Umesimama, mama."

"Na asali?"

"Nimempa."

Nikamsikia analia. Kisha akamshukuru Mungu, akanibariki mimi na watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina.