Mkono wa Kupokelea

Nilipokuwa mdogo kule Tanga, Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ili nizoee kutumia wa kulia. Nikazoea kula tu. Mengine yote niliendelea kuyafanya kwa kushoto, kila Mama aliponipa kisogo.

Mwaka 2015 nilikuwa nauza vitambaa mtaa wa Mayfair, huku kusini mwa Afrika. Mteja mmoja aliniona nikikata kwa kushoto, akasema timu yao ya besiboli ya Jumapili inatafuta mtu wa mashoto kwa kituo cha kwanza. Mpira wenyewe sikuwa nimewahi hata kuushika.

Kazi hiyo haina sifa. Mpigaji akishapiga, anakimbilia kituo changu. Wenzangu wanauokota mpira na kunirushia, nami niudake kwa glavu nimekanyaga kituo kabla hajafika. Nikiudaka, makofi anapigiwa aliyeurusha. Ukinipita, uwanja mzima unanikodolea macho mimi. Miaka minne sikukosa Jumapili hata moja, na kila mwisho wa msimu zawadi zilikwenda kwa wapigaji. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Niliumia, sitasema uongo.

Mwaka 2019 Mama alikuja kunitembelea. Nilitaka walau mtu mmoja aione kazi yangu, na nilitamani awe yeye. Lakini mkono wangu wa kushoto ulinitia hofu, mtu mzima na ndevu zangu.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, chupa ya chai miguuni. Mlinzi wetu wa katikati, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alinirushia mpira mbovu, wa chini kabisa. Nikajinyoosha mpaka suruali ikachanika, nikaudaka. Watu wakamshangilia fundi. Kisha nikasikia kigelegele kimoja, kutoka kwenye kile kiti cha plastiki.

Mchezo ulipokwisha nilimwendea, mkono wa kushoto nimeuficha mgongoni. Fundi alikuwa ameshafika kumsalimia.

"Eish, Mama, huyu namurushiaka bila kuangalia," alimwambia. "Najua iko pale."

Mama akanigeukia. "Nimekuona ukirusha kwa kushoto."

"Nisamehe, Mama."

Aliushika mkono wangu wa kulia, uliokuwa bado ndani ya glavu, akaufuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.

"Wote wanakuletea wewe," alisema. "Na wewe unapokea kwa kulia, kama nilivyokufunza."