Ukungu Kwenye Kompyuta ya Sebastian

Sebastian akishika jambo, Karatu nzima italijua kabla ya Jumapili. Alikuwa dereva wa watalii, mtu wa Rombo aliyeingia mji huu wakati barabara ya kutoka Makuyuni ingali vumbi na mashimo matupu. Kazi yake ilikuwa kuwasimulia wageni kutwa nzima, na hata akirudi nyumbani mdomo haukujua kupumzika. Mwaka huo, lami ikiwa imeshafika na simu za mkononi zikilia hadi kanisani, jambo aliloshika lilikuwa kompyuta.

Si ya kuandikia barua, la. Ilikuwa ya gemu. Shemeji yake wa Arusha alinunua nyingine mpya, hii akampa Sebastian pamoja na usukani wake wa plastiki na pedeli mbili za kukanyagia. Watu walimcheka sana. Mtu ameshinda kwenye Landkruza tangu alfajiri, amepanda ukingo wa kreta ya wanyama na kushuka, amerudi na mgongo unamuuma, halafu akishaoga na kula anakaa tena kuendesha gari la kwenye kioo! Mkewe Naomi alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameolewa na usukani, yeye amewekwa kama tairi la akiba.

Lakini mzee mwenyewe alikuwa na raha zake. Ndani ya gemu hakuna mgeni anayeuliza chui yuko wapi, wala bosi anayeuliza mafuta yameishaje. Ni barabara tu, na wewe. Kilichomkera kilikuwa kimoja: picha. Alisema zina ukungu. Miti ya mbali haina majani, kona inakuja bila taarifa, na jua la kwenye gemu likikutazama usoni huoni tena kitu.

Ndipo kijana mmoja wa Kiholanzi, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele wakishuka kreta, akamweleza habari za DirectX 10. Akamwambia kwamba mtindo wa kuchora picha umebadilika kabisa, sasa hivi maji yanang'aa kama maji na kila jani lina kivuli chake. Sebastian aliwashusha wageni lojini, na bila kupita nyumbani akaenda moja kwa moja kwa Inosenti.

Inosenti alikuwa fundi wa kompyuta, na kibanda chake kilikuwa jirani na stendi. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa anayatoa kwa kinyongo kana kwamba anakopesha. Alimsikiliza Sebastian mpaka mwisho, akaweka bisibisi chini.

"Mzee Seba, kompyuta yako na huo mfumo wake wa XP inakwenda vizuri. Unaisumbulia nini?"

"Picha, Inosenti. Picha!"

"Hiyo DirectX ten haikai kwenye XP. Lazima uhamie mfumo mpya, Vista. Ukihamia Vista, ramu yako haitoshi, tuongeze. Kadi yako ya picha nayo ni ya zamani, tubadilishe. Na ukishamaliza yote hayo, gemu ulizonazo zitabaki vile vile, maana zilitengenezwa kwa mtindo wa zamani. Unabomoa jiko zima kwa ajili ya sufuria moja."

"Kwa hiyo mimi niendelee kuona ukungu?"

"Ukungu upi? Mimi nimecheza gemu hiyo hiyo hapa. Sijaona ukungu."

Sebastian alicheka kwa dharau. Kijana wa mjini, alisema moyoni, anajua nini kuhusu kuona? Yeye alikuwa analipwa kwa kuona.

Mabishano yakahamia kituo cha mafuta, mahali madereva wanapooshea magari jioni. Wapo waliosema kitu kipya ni kipya, usipohama leo utahama kesho kwa kusukumwa. Wengine waliuliza gari linalotembea linafunguliwa injini kwa sababu gani. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na kwa kweli hoja za Inosenti zilikuwa nzito zaidi. Lakini Sebastian alikuwa na kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, yaani hamu ya mtu aliyechoka kukodoa macho.

Hapa lazima niseme habari ya ukungu wenyewe, maana asiyeishi huku anaweza kumwona Sebastian mjinga, na hakuwa mjinga hata kidogo. Ukipita geti la hifadhi pale Lodoare ukaanza kupanda ukingoni, ukungu ni mwenyeji kuliko wewe. Unakaa barabarani asubuhi nzima ukipenda kukaa. Ukishuka chini unakutana na vumbi, na vumbi likitulia kuna kioo cha mbele chenye mikwaruzo ya changarawe. Dereva wa Karatu haoni vizuri nusu ya maisha yake, na kila mara sababu ipo nje ya gari. Kuwatafuta wanyama nako hakuhitaji macho sana ukishakuwa mzoefu. Unasikiliza redio wenzako wakiitana, unatazama magari yamekusanyika wapi, unakwenda na wewe unasimama hapo, unawaambia wageni kwa sauti ya mtu aliyegundua: simba! Sebastian alikuwa amefanya hivyo miaka mingi. Hakujua ni lini aliacha kumwona simba na kubaki anayaona magari tu.

Mwezi mmoja kabla ya haya mabishano, lilitokea jambo pale kona ya juu, karibu na njia ya boma. Alikuwa na wageni sita, na pembeni yake alikaa Koinet, dereva mwenzake, kijana wa Kimasai wa Malambo, ambaye gari lake lilikuwa gereji. Ghafla Koinet akapiga dashibodi kwa kiganja, akasema, "Simama!" Sebastian akakanyaga breki kwa miguu yote. Mbele ya bampa, karibu kabisa, alikuwepo mama mmoja wa Kimasai na punda wake amebeba maji. Punda hakushtuka. Yule mama aliwatazama tu, akavuta kamba, akavuka.

"Ukungu huu utatuua siku moja," Sebastian alisema.

"Ndiyo, mzee," Koinet akajibu. "Ukungu."

Hakuna aliyelisema tena.

Inosenti alishindwa, kwa sababu Sebastian hakuacha. Vifaa vikaletwa kutoka Arusha, na Jumapili moja baada ya misa fundi akaja nyumbani na mfuko wake. Alifanya kazi mchana kutwa huku Naomi akimletea chai na kumwuliza kama mgonjwa atapona. Alipomaliza, akafanya jambo la kifundi kweli. Alikuwa amebeba kompyuta yake mwenyewe yenye XP, akaiweka mezani kando ya ile iliyohamia Vista, akaingiza kwenye zote mbili gemu mpya ya mashindano ya magari, ile inayokubali mitindo yote miwili. Alitaka ugomvi uishe siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi.

"Haya, mzee. Barabara ile ile, kona ile ile. Tazama mwenyewe."

Sebastian alivuta kiti. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasogeza uso, akarudisha nyuma. Moyo wake ulishuka polepole, maana alikuwa ameingoja siku hii kama mtoto anavyoingoja Krismasi.

"Umenishinda, Inosenti," alisema mwishowe, na haikuwa rahisi kwake kusema. "Nimekusumbua bure. Hakuna tofauti. Ukungu ni ule ule."

Naomi, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasogea.

"Hakuna tofauti wapi, Baba Evelyn?" alisema. "Hii ya huku majani yana vivuli. Na pale nyuma kuna uzio wa waya, na ndege wamekaa juu yake. Huku kwingine hakuna ndege. Jamani, hata mimi nisiyejua gemu!"

"Ndege gani?"

"Hawa hapa." Akaweka kidole kwenye kioo.

Sebastian akakitazama kidole. Alikiona kidole vizuri. Nyuma ya kidole kulikuwa na rangi ya maziwa yaliyomwagika.

"Inosenti," alisema taratibu, "wewe unawaona?"

"Nawaona, mzee." Fundi alikuwa anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. "Mimi nilibisha kwamba haina haja. Sikusema haionekani."

Naomi aliweka birika chini. Akamshika mumewe mkono, akampeleka mlangoni kama anayemwonyesha mgeni njia. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na hewa ilikuwa safi baada ya mvua.

"Oldeani unauona?"

"Leo mlima umefunikwa."

"Haujafunikwa," Naomi alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomwogopesha Sebastian kuliko kitu chochote. "Uko wazi mpaka kileleni. Baba yangu alianza hivi hivi. Ni mtoto wa jicho. Alhamisi tunakwenda hospitali Moshi, wakutazame."

Inosenti akafunga mfuko wake, akauliza kwa aibu kama arudishe XP ilipokuwa.

"Iache," Sebastian alisema. "Kama ilikuwa na haja au haikuwa na haja, nitakujibu nikirudi kutoka Moshi."

Usiku huo hakulala. Hakuwa anawaza macho. Mtoto wa jicho hutolewa, watu wengi wametolewa na wako mitaani wanatembea. Alikuwa anamwaza yule mama na punda. Kila alipojaribu kuukumbuka ukungu wa asubuhi ile, alikuta hakumbuki ubaridi wake. Ukungu wa ukingoni una ubaridi, unaingia hadi kwenye mifupa ya vidole. Asubuhi ile alikuwa amekunja mikono ya shati.

Jumatatu alifika mapema yadi ya magari, akamweleza bosi wake habari ya macho. Kisha akamtafuta Koinet, akamkuta anapima upepo wa tairi.

"Koinet. Siku ile ya yule mama na punda, ukungu ulikuwepo?"

Koinet aliendelea kutazama tairi.

"Kwa nini unauliza, mzee?"

"Nijibu."

"Jua lilikuwa linawaka," Koinet alisema. "Hata msitu wa Lerai kule chini kwenye kreta ulikuwa unaonekana."

"Na wewe ukasema ukungu."

"Wewe ndiye uliyesema ukungu. Wewe ni mkubwa wangu, ni rika la baba yangu. Tena wageni walikuwa wanasikiliza. Ningesema umekosea?"

Sebastian alikuwa anapenda heshima ya vijana wa Kimasai. Alikuwa anaisifu kwa wageni, anasema huku kijana hamrushii mkubwa maneno usoni. Sasa akajiona mwaka mzima, kila magari yao yakisimama pamoja, anamwuliza Koinet, yule ni faru, siyo? Mvua ile inakuja, siyo? Na Koinet anamrudishia maneno yake mwenyewe, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Aliona aibu iliyomchoma masikio. Nusura heshima hiyo imzike mama wa watu.

Akatoa funguo mfukoni.

"Mimi ni mkubwa wako?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi leo unaendesha wewe. Mimi nitawasimulia wageni."

Waliwachukua wageni, wakapita geti, wakaanza kupanda. Ubaridi ulikuwepo kwenye msitu, kisha ukaisha. Walipofika kona ya juu jua likampiga Sebastian usoni, na dunia yote ikawa nyeupe. Akasikia Koinet anapunguza mwendo.

"Kuna nini?" akauliza.

"Wewe unaonaje, mzee?" Koinet alijibu kwa mazoea, halafu akajiuma mdomo.

"Nimekuuliza wewe."

Gari lilikuwa limesimama kabisa.

"Ni yule mama," Koinet alisema. "Leo yuko na watoto wawili. Wamesimama upande wako, wanangoja tupite."

Sebastian akageuza uso dirishani. Hakuona mama, hakuona watoto, aliona mwanga tu. Hata hivyo akashusha kioo, akatoa mkono nje, akapunga.

"Wamejibu?"

Koinet akachungulia upande wake.

"Watoto wamepunga," alisema. "Mama hajapunga."

Sebastian akaitikia kwa kichwa. Akaacha mkono wake nje ya dirisha mpaka walipomaliza kona.