Maji Tuliyoyapeleka Kitale

Msimu wa kahawa kijito chetu kilibadilika kila siku kabla jua halijapanda vizuri. Alfajiri kilikuwa maji. Kufikia saa nne kilikuwa kama chai iliyolala siku tatu, na povu la kahawia likielea juu yake. Kiwanda cha kahawa cha ushirika kilikuwa mteremkoni, juu yetu, na maji ya kuoshea buni yalirudi mtoni kupitia mfereji wa saruji pamoja na maganda. Harufu yake sijawahi kuieleza vizuri. Mtu mmoja wa Kitale aliniuliza kama ilifanana na pombe ya busaa iliyoharibika. Nikasema ndiyo, kisha nikashinda siku nzima nikijiuliza kama sikuitukana busaa.

Nasema kijito chetu, lakini kilikuwa cha akina mama. Sisi wanaume tulikivuka tu. Wao walikuwa kumi na mmoja, mama yangu na senge wangu, dada yake baba, wakiwa miongoni mwao. Walikuwa wameweka ua wa katani pale pa kuchotea maji ili ng'ombe wasipakanyage, na walikuwa wamewalazimisha waume zao kukata mikaratusi ya ukingoni iliyokuwa ikinyonya maji. Mikaratusi ni pesa. Kuna nyumba ambamo jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya juu mwezi mzima. Lakini ilikatwa.

Mfereji wa kiwanda haukukatika kwa njia hiyo. Watoto walikuwa wakijikuna hadi damu, na ng'ombe walisogeza pua majini na kuiondoa. Siku moja mwanzoni mwa miaka ya tisini, senge alichota debe zima la maji ya saa nne, akalipandisha mlimani kichwani, na kulitua juu ya meza ya mwenyekiti wa kiwanda, juu ya karatasi zake.

"Mama, hii ni maji ama ni hasira yenu mmeweka kwa debe?" mwenyekiti akauliza.

"Onja ujue," senge akasema.

Habari zikafika kwa mkuu wa tarafa. Alikuja, akasimama kwenye ukingo akiwa ameziba pua kwa leso, kisha akasema serikali haiendi kwa pua, inakwenda kwa karatasi. Maji yapimwe. Maabara ya serikali ikisema ni mabaya, kiwanda kitachimba mashimo ya kumwagia uchafu wake kabla ya msimu ujao, na mfereji utazibwa. Ikisema ni mazuri, akina mama waache kusumbua watu.

Wakaniangalia mimi.

Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia. Digrii yangu ilikuwa ya historia, lakini kijijini digrii ni digrii. Nilikuwa nimepanga chumba Kitale, nikifundisha kwa kibarua katika shule moja ya upili huku nikisubiri kazi ya serikali niliyokuwa nimeomba. Maombi yale yalikuwa yamekwama kwenye kitu kimoja: barua ya chifu ya kuthibitisha tabia njema. Chifu alikuwa na kahawa nyingi na rafiki mmoja mkubwa, na rafiki huyo alikuwa mwenyekiti wa kiwanda.

Barua ya kuomba maji yapimwe niliiandika kwa wiki tatu. Niliogopa ikiwa kali ningeitwa mchochezi, na miaka ile neno hilo lilimtosha mtu kulala ndani. Niliogopa ikiwa laini ingetupwa. Mwishowe nikapata wazo lililonifurahisha sana: chini kabisa nikaandika "Nakala kwa", nikawaorodhesha mkuu wa wilaya, mkuu wa tarafa, chifu na mwenyekiti wa kiwanda. Niliona ni ujanja. Nani angesema tumefanya mambo gizani? Nilijipongeza kwa mstari ule kuliko kwa barua yote.

Mpimaji wa maji pale Kitale alikuwa kijana wa rika langu, mtu wa jamii zilizohamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, mwenye koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Hakuwa na maneno mengi.

"Leta chupa mbili. Ziwe safi. Zifike siku hiyohiyo."

Ni wazi kwamba mimi ndiye niliyepaswa kwenda kuyachota. Nilijua hivyo nikitoka mlangoni mwake. Lakini mfereji ulimwaga maji yake hatua chache kutoka kwa kibanda cha mlinzi, na nilijiona nimeinama pale na chupa, mlinzi akimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akimwambia chifu, na barua yangu ya tabia njema ikibaki kwenye droo hadi nizeeke. Nikajiambia kwamba maji ya akina mama yachotwe na akina mama. Nilijitetea vizuri hata nikaanza kuamini.

Basi nikamwandikia mama. Kurasa mbili. Zichukuliwe chupa mbili za sharubati, zioshwe kwa majivu na sabuni, zisuuzwe mara tatu kwa maji ya moto, zikaushwe juani midomo ikiwa chini. Vizibo navyo vichemshwe. Mikono ioshwe. Kila chupa iandikwe namba. Niliwaza kila hila ambayo mwanasheria wa kiwanda angeweza kuitumia, ingawa kiwanda hakikuwa na mwanasheria. Niliandika kurasa mbili juu ya chupa. Juu ya maji sikuandika hata sentensi moja.

Senge, aliyekuwa akiuza ndizi soko la Kitale, alizileta mwisho wa Novemba ndani ya kikapu, zimefunikwa kwa majani ya mgomba.

"Shika mtoto wako," akasema. "Nimembeba kutoka Bungoma na hakulia hata mara moja."

Chupa zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti na kamba juu yake. Sikufungua. Niliogopa kuchafua ushahidi. Nikazipeleka kama zilivyokuwa.

Majibu yalikuja Januari. Mpimaji alinikabidhi karatasi yenye muhuri. Mstari wa mwisho ulisema maji hayo yanafaa kwa matumizi ya nyumbani.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikamwambia mambo ambayo hadi leo nikiyakumbuka uso unaniwaka. Nilimuuliza kiwanda kimempa nini. Nilimuuliza kama anajua watoto wangapi wanajikuna kwa ajili ya koti lake jeupe.

Hakupandisha sauti. "Mwalimu, mimi napima chupa. Sipimi mto. Ulileta maji safi, nimeandika safi. Maji yako hata imechemshwa, bana. Nilidhani unajua."

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa akimenya viazi nje ya jikoni. Nilimuuliza polepole, nikizungukazunguka, yale maji aliyachota vipi.

Alifurahi kuulizwa.

"Niliamka mapema, baba, kabla hao watu hawajawasha mashine. Saa hiyo maji iko sawa kidogo. Nikaacha ikatulia kwa mtungi. Nikachuja na kitambaa changu cha kanisa, ile nyeupe, mara tatu. Nikachemsha. Ikapoa ndio nikajaza."

"Kwa nini ulichuja, Mama?"

Alinitazama kana kwamba chuo kikuu kilikuwa kimenipotezea kitu. "Sasa ningepelekea serikali maji ya aibu? Wageni wafungue chupa wapate maganda? Si wangesema huko kwetu tunaishi kama nguruwe? Na wewe mwenyewe umeniandikia kurasa mbili, safi, safi, safi."

Pale kwetu mgeni hapewi maji ya mto. Hupewa maji yaliyochotwa alfajiri, yakatulizwa, yakachujwa, tena kwenye glasi. Nilikunywa maji hayo utoto wangu wote kila mgeni alipokuja na nikabakiziwa. Nililijua jambo hilo kuliko historia yote niliyosomea, na halikunijia hata mara moja nilipokuwa nikihesabu mara za kusuuza chupa.

Sikumwambia majibu yalisemaje. Nilijiambia nitatafuta njia kwanza: nitaomba kipimo kingine, nitamwomba mpimaji radhi, nitachota mwenyewe. Nilikuwa bado nikipanga maneno ya kumwomba radhi yule kijana wakati chifu alipoitisha baraza. Maabara ilikuwa imetuma nakala za majibu kwa kila mtu niliyemwandika chini ya barua yangu.

Mwenyekiti aliisoma karatasi yote, hadi muhuri. Aliposema "yanafaa kwa matumizi ya nyumbani" alisita, akaisoma tena. Wanaume walicheka, wale wa mikaratusi wakicheka zaidi.

Senge akasimama. "Mwenyekiti, hiyo karatasi ilionja maji ya wapi?"

"Ya kwenu, mama. Ilibebwa na wewe mwenyewe kwa kikapu."

"Niliibeba. Mimi sikuifungua. Ati maganda yanafaa? Basi tuyapike na mahindi?"

"Keti, mama," chifu akasema. Kisha akanitafuta kwa macho kwenye umati. Alikuwa akitabasamu. "Msomi wetu yuko. Si ni yeye alipeleka? Simama, kijana, utusaidie. Hii maji ilitoka kwa huu mto ama haikutoka?"

Nilisimama. Mama alikuwa mstari wa pili, chini kwenye nyasi, na kile kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ameshasikia, na nadhani ameshaelewa, maana alikuwa amekishika kwa mkono mmoja pale kwenye fundo.

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi sana. Kwamba nikisema alichuja, watamcheka hadi kaburini. Kwamba watasema tulicheza na ushahidi wa serikali. Kwamba wataniuliza kwa nini sikuchota mimi, nami sitakuwa na jibu linalosemeka mbele ya watu. Kwamba chifu ana kalamu. Nilizipanga hoja hizo vizuri, ile ya mama ikatangulia, ile ya kalamu nikaiweka nyuma kabisa, mahali ambapo sikuhitaji kuiona.

"Ilitoka," nikasema, na kuketi.

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna neno nililowahi kulisema lililokuwa la kweli hivyo.

Tulirudi nyumbani mimi na mama peke yetu, kwa sababu wale wengine kumi hawakutusubiri. Karibu na ua wa katani alisimama.

"Nilidhani utasema ya kitambaa."

"Ungeaibika, Mama."

"Mimi?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Baba, mimi ni mama wa kijiji. Aibu yangu ingekuwa imeisha kufika Pasaka. Nilikuwa nasimama niseme mwenyewe. Lakini ukasema, ukakaa. Sasa mama asimame akatae maneno ya mtoto wake mbele ya chifu?"

Nilianza kumweleza kuhusu kipimo kingine. Alichukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa kwenye ua na kuendelea kutembea.

Barua ya tabia njema ilisainiwa wiki ileile. Ilisema mimi ni kijana mtulivu, asiyejihusisha na uchochezi wa aina yoyote. Kazi yenyewe sikuipata. Maombi ya kupimwa tena niliyaandika mara nne, na mkuu wa tarafa alijibu mara moja, kwamba suala hilo limefungwa. Karatasi ya Kitale iliwekwa kwenye fremu ukutani mwa ofisi ya kiwanda. Oktoba mfereji ulifunguliwa kama kawaida, na akina mama wakaanza kwenda kuchota ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda peke yake. Ua wa katani ukavunjwa na ng'ombe. Senge alihamishia ndizi zake soko la Kanduyi. Hakusema ni kwa sababu yangu, lakini Kitale nilikuwa nampitia kila Jumatano.

Nilikwenda nyumbani Desemba. Mama alikuwa amekonda shingo, kama wanavyokonda wanaobeba mitungi mbali. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na glasi juu ya kisahani, kama anavyompa mgeni. Maji yalikuwa meupe pe.

"Kunywa," akasema. "Ni ile ya Kitale."

Akasimama pale hadi nikaimaliza.