Mwingereza Aliyemtaja Baba

Enzi zetu, hakuna mtu mzima aliyesikia wimbo bila kuuliza unamsema nani. Ninyi wa rika langu mliolelewa huku Ukambani mnajua. Ngui, yaani mtunzi wetu wa nyimbo, hakuwa mtu wa kuimba maua. Alimtaja mwizi wa mbuzi kwa jina lake na la mama yake, na kufikia siku ya soko hata watoto waliujua wimbo. Watu walimkaribisha uji huku wakimwangalia kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa kwaya pale Mukuyuni alijitafutia balaa aliposimama mbele ya wazazi akasema wimbo wa mashindano umetungwa na "ngui wa Waingereza". Nilikuwa darasa la saba, naimba sauti ya kwanza, na mashindano yalikuwa Kitui mjini ambako sikuwahi kufika. Tulijifunza kwa do-re-mi za ubaoni, harufu ya muthokoi ikitutesa kutoka jikoni mwa shule. Mwalimu alitusimulia maisha ya huyo mtunzi: mwana wa seremala, alipiga kinanda kanisani, akazunguka vijijini kwa baiskeli kusikiliza nyimbo za wakulima wazee, na vita vilipokuja akakataa bunduki, akaendelea kutungia kwaya.

Wimbo wenyewe ulisifu mavuno. Kila ubeti ulirudia maneno ya Kiingereza "be the", sauti zote nne zikipokezana. Sasa, sisi Wakamba na herufi b hatujawahi kupatana. Ulimi huitangulizia m bila kuulizwa. Upepo ulipobeba wimbo hadi sokoni, kilichosikika ni Mbithi, Mbithi, Mbithi.

Mbithi alikuwa baba yangu. Alikuwa na duka la nafaka, na siku hizo watu walikuwa wakinong'ona kuhusu mizani yake. Akina mama walinunua maharagwe kwetu kisha wakapita kwa jirani kuyapima tena. Nyumbani hatukuligusa jambo hilo.

Baba alikuja shuleni na koti lake la kanisani.

"Mwalimu, huyo mzungu ananijulia wapi?"

"Baba Ndinda, huyo mtu alikufa kitambo. Hata Kenya hakuwahi fika."

"Sawa, amekufa. Sasa nani alimwambia?"

Mwalimu akampa karatasi ya wimbo. Baba akaisoma kwa kidole, akaigeuza kutazama nyuma, akairudisha. "Ndinda hataimba hii kitu mpaka nijue mnataka nini na mimi."

Nililia mpaka macho yakavimba. Wenzangu walikuwa wanapiga pasi sare za safari, na mimi nilikuwa nachambua mbaazi. Jioni moja tukila, kwaya ikisikika kutoka shuleni, baba akasukuma sahani. "Mnasikia? Wananiimbia mizani yangu."

Mama hakuinua uso. "Wimbo hautaji mizani, Baba Ndinda. Wewe umeisikia wapi?"

Siku ya soko iliyofuata kulikuwa na mizani mpya dukani, na ya zamani hatukuiona tena. Mimi baba aliniambia tu nioshe soksi, nisije nikamwaibisha huko Kitui. Tulishindwa vibaya. Majaji walisema matamshi yetu yanaharibu wimbo.

Lakini hadi leo namshuku mwalimu. Kati ya nyimbo zote za Waingereza, kwa nini alichagua huo? Mke wake alinunua maharagwe kwetu. Nilipomuuliza uzeeni mwake alicheka, akaulizia habari za mvua.

Siku hizi vijana wetu hutajana kwenye simu tangu asubuhi, kwa majina na kwa picha, na anayetajwa hufurahi kwamba wafuasi wameongezeka. Sijui ni nani anayeweza kuaibika bado kwa wimbo wa mtu asiyemjua, hadi abadilishe kitu kimyakimya. Nawaonea huruma kidogo, na wao wananionea mimi.

Baada ya kumzika baba, mwanangu alinitafutia wimbo ule kwenye simu, kwaya ya Waingereza kabisa. Nikavaa vile vidude vyao masikioni. Wanaimba vizuri mno, kila neno limenyooka. Nimesikiliza mara nyingi, hadi mwisho, na baba yangu hayumo.