Betri ya Pili ya Mama

Nikisikia harufu ya pamba iliyopigwa na jua, namwona mama kwenye usukani wa lori lake, tumepanga foleni nje ya kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi. Wakati wa kusubiri injini haikuruhusiwa kunguruma, cheche isije ikaunguza mzigo. Mama alikuwa amefunga sola juu ya kabini na betri ya pili nyuma ya kiti. Hiyo ndiyo iliendesha feni na friji yetu ndogo. Betri ya kuwashia gari hakuigusa.

"Mama, umehamia humu?" madereva wengine walimcheka, redio zao zikiimba kutwa kwa betri za kuwashia.

Siku ya tatu foleni ikasogea. Injini yetu iliwaka mara moja, zao zikagoma.

Mama akashuka. "Haya akina baba, nani anaanza?"

Nilimfuata na nyaya za kubusti betri, natembea kama mwenye lori.