Injini Dhaifu ya Baba Mkwe

Jamani, haya nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa ploti nzima hapa Dandora sasa inaniita Kapteni, na hata mama wa sukuma wiki anajua sababu, heri myasikie kutoka kwangu mara hii moja, kisha mniache.

Mimi ni fundi wa pikipiki huko Baba Dogo. Nimekaa na Nekesa miaka miwili, na baba yake alikuwa bado hajatubariki (sikuwa nimekanyaga kwao hata na kuku mkononi, kwa hivyo simlaumu). Mzee ana mashua ya kubeba mchanga huko Port Victoria, akaja Nairobi kutafuta injini ya mtumba, na Nekesa akaniambia, "Msaidie baba kuchagua, na tafadhali, usibishane naye." Nikaitikia vizuri sana.

Dukani tulikuta mbili. Moja ya nguvu za farasi ishirini na tano, inang'aa, na nyingine ya farasi kumi na tano, kuukuu, propela yake pana kama sinia. Mzee akaishika ile kuukuu akasema ndiyo hii. Nikacheka! Mbele ya watu! Nikaanza kumweleza, mimi ambaye sijawahi kupanda mashua maishani, kwamba farasi ndio nguvu, fundi yeyote anajua.

"Kijana," mzee akasema, "hao farasi wako watakimbia mashua ikiwa tupu. Mimi nabeba mchanga. Hii gia zake ni za polepole, na propela inashika maji. Nataka ya kuvuta, sio ya kukimbia."

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikamwomba mwenye duka, ambaye tunajuana, atuachie ile kuukuu tukaijaribu nyumbani, nimwonyeshe mzee kwamba haiwezi kukoroga hata uji.

Sasa ploti yetu maji huja Jumatano peke yake, na hii ilikuwa Jumamosi, na pipa la Nekesa limejaa maji ya kumpikia mgeni na ya kumwogesha. Pia uani kuna nguzo moja ya chuma inayoshika kamba za nguo za nyumba sita, na Jumamosi kila mtu amefua. Injini nikaifunga kwa ubao, ubao nikaufunga kwa nguzo, propela nikaitumbukiza ndani ya pipa. (Nimeambiwa baadaye kwamba watu wa mashua hutoa propela kwanza, au hawaingizi gia. Asanteni kwa kuniambia baadaye.)

Nekesa akatoka na mwiko mkononi. "Si uiwashe tu bila gia?"

"Nekesa, hii ni kazi ya mafundi."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, suti na tai, mikono magotini. Nikavuta kamba, injini ikawaka, ikanguruma chini kwa chini. "Mnasikia?" nikasema. "Inanong'ona tu." Nikaingiza gia, na mkono wa mafuta sikuuzungusha hata kidogo.

Pipa likaenda huku, nguzo ikaenda kule. Pipa lilitembea hatua mbili, likalala, maji yote yakamwagika mapajani mwa mzee, halafu nguzo ikang'oka na saruji yake ikaja chini na kamba zote, mashuka, yunifomu, gauni jeupe la kwaya, vyote kwenye matope, na injini inapiga kelele hapo chini nami naizunguka sijui nishike wapi. Mzee akainuka polepole, akaruka shuka la watu, akachomoa kamba ndogo nyekundu ya kuzimia injini. Kimya.

"Wewe!" jirani yetu Mama Kevo akapasua hicho kimya. "Jumatatu watoto wangu wataenda shule na nini? Na injini yako?"

Mzee alikuwa anakamua tai. "Hiyo ilikuwa gia gani?"

"Ya mbele, baba."

"Na mafuta uliongeza?"

"Hapana, baba."

"Sawa. Nachukua hii."

Wakati wa kumsindikiza, Nekesa akajikaza akamuuliza sasa kuhusu sisi anasemaje. Mzee hata hakusimama. "Injini nimepata," akasema. "Mkwe ndiye bado natafuta."

Iliniuma, siwadanganyi. Jioni ile nilifua upya nguo za nyumba sita kwa maji ya mitungi, nimechuchumaa uani, watu wakipita wanasema, "Niaje Kapteni," na Nekesa hakunisemesha mpaka Jumanne.

Wiki tatu baadaye mzee akapiga simu. Mashua imejaa mchanga na inakwenda, akasema. Nikamwambia tunashukuru Mungu.

"Ile nguzo umeisimamisha?"

"Ndiyo, baba."

"Ulichimba futi ngapi?"

"Mbili."

"Mbili hazitoshi. Chimba tatu, kisha uje nyumbani tuongee."

Sasa, futi mbili zinatosha kabisa kwa nguzo ya nguo, muulizeni fundi yeyote, na maneno yalikuwa yamenifika ulimini. Nikayameza, nikaenda kuazima sururu kwa Mama Kevo, nikachimba nne.